Sungura anatikisa kichwa, masikio yamejaa magamba: nibandue au niache?

SWALI: Dokta habari za kazi. Watoto wangu wana sungura wawili, dume na jike, wanalala kibanda kimoja. Dume kaanza kutikisa kichwa muda wote na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, nilipochungulia ndani nikakuta magamba ya kahawia yamejaa, nikijaribu kubandua damu inatoka na anapiga kelele. Jike yuko poa tu. Jirani anasema nipake oili chafu ya gari. Nifanyeje, na watoto hawataambukizwa?

JIBU: Nzuri dada. Kwanza kabisa acha kubandua, leo hii. Chini ya yale magamba ngozi ni kidonda kibichi, ndo maana anapiga kelele, na sungura sio mnyama wa kelele kabisa, ukimsikia analia ujue maumivu yamezidi.

Kwa ulivyoeleza huo ni utitiri wa masikio, kitaalamu Psoroptes cuniculi. Hawachimbi ndani ya ngozi, wanakaa juu juu wanaitoboa, ule ute unaotoka unakauka pamoja na ngozi iliyokufa na kinyesi chao, tabaka juu ya tabaka kama chapati, mpaka sikio zima linaziba. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande kilichodondoka chenyewe, weka kwenye karatasi nyeusi umulike na tochi ya simu, mara nyingi utaona vidoti vyeupe vinatembea. Ila sio kila uchafu wa sikio ni utitiri, nta kidogo ya njano bila magamba ni kawaida hasa kwa wale wenye masikio yaliyolala, na ukiona usaha mzito mweupe hiyo ni habari ya bakteria, tiba yake ni nyingine.

Dawa ni ivermektini, anachomwa chini ya ngozi. Hapa ndo watu wanaua sungura wao, manake chupa inayouzwa madukani ni ya ng'ombe, ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na sungura anatakiwa miligramu 0.2 mpaka 0.4 kwa kila kilo ya uzito wake. Sasa piga hesabu, sungura wa kilo 2 hata ukienda dozi ya juu kabisa ni mililita 0.08 tu, yaani uniti 8 kwenye sirinji ya insulini ya uniti 100, tone dogo mno, afu mtu anakuja kukwambia "nilimpa nusu sirinji". Kwa hiyo mpime kwenye mizani kweli, usikadirie kwa macho, na ni bora umwite daktari wa mifugo achome yeye, mwambie pia kama jike ana mimba au kama kuna mpango wa kuwala baadaye.

Sindano moja haitoshi! Dawa haiui mayai, na kutoka yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki 3, hivyo unarudia baada ya wiki 2 na mara nyingi unaongeza ya tatu. Wengi wanaishia ya kwanza kwa sababu sungura kaacha kujikuna, mwezi unaofuata wako pale pale. Jike naye achomwe siku hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima, wamelala pamoja huyo tayari anao.

Magamba yatalainika na kudondoka yenyewe, tegemea wiki moja hivi au zaidi kidogo. Ukitaka kumsaidia tia matone machache ya mafuta safi ya kula yawe vuguvugu, usisugue. Kama kichwa kimepinda upande mmoja usitie kitu chochote, tatizo linaweza kuwa limefika sikio la ndani, mpeleke kwanza.

Oili chafu hapana kabisa. Sungura anajisafisha kwa kulamba, kila unachompaka sikioni kinaishia tumboni. Na kuna spreyi na matone ya viroboto vya mbwa yenye fiproni, hiyo inaua sungura, soma lebo vizuri. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo iache hukohuko kwa ng'ombe.

Kibanda nacho kina kazi yake manake hawa wadudu wanaweza kuishi nje ya sungura mpaka wiki 3 hivi kukiwa na ubaridi na unyevu. Toa majani yote ya kulalia uchome moto, mwagia mbao maji yanayochemka, anika juani, na rudia kila siku ya sindano.

Watoto wasikutishe, utitiri huu haukai kwa binadamu. Ila ukiona magamba puani, midomoni au kwenye vidole vya sungura, huo ni ukurutu wa aina nyingine, wadudu wake wanachimba ngozi na huo unaweza kuwawasha watu, wanawe mikono na waache kumbeba kwanza.

Jingine, mwangalie anavyokula. Sungura mwenye maumivu anagoma kula, na akipitisha siku bila chakula tumbo linasimama, hapo usisubiri kesho. Na tafadhali usimpe amoksilini ya watoto iliyobaki kabatini, ikipita mdomoni inaua bakteria wazuri wa tumbo na inaweza kumwua kabla hata utitiri haujamsumbua zaidi.