Ushindi wa mwishoni usiwafunge macho

SWALI: Timu ikimaliza msimu kwa kishindo, kuna haja gani ya kuvuruga kikosi dirisha la usajili likifunguliwa?

JIBU: Itazame Manchester United ya 2023/24. Ilifunga msimu kwa kuzichapa Newcastle 3-2 na Brighton 2-0, kisha Mei 25 ikaifunga Manchester City 2-1 fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wakalewa sifa. Julai, kocha Erik ten Hag akaongezewa mkataba hadi 2026. Oktoba 28 akafukuzwa, timu ikiwa ya 14 na pointi 11 katika mechi 9.

Dalili zilikuwa wazi kwenye msimamo: mechi 38, vipigo 14, mabao 57 ya kufunga na 58 ya kufungwa, nafasi ya nane. Na siku chache kabla ya ushindi huo, Crystal Palace iliwapiga 4-0! Mechi tatu haziwezi kufuta 38.

Kwa hiyo anzeni na tofauti ya mabao ya msimu mzima. Kisha mwangalie wapinzani wa mwisho: walikuwa wanapigania nini, au walishaanza likizo? Rudieni video za mabao mliyofungwa, mwandike kila moja lilianzia wapi. Yakipita mengi mbele ya mabeki wa kati, tatizo ni kiungo mkabaji, msimlaumu kipa. Nafasi hiyo isajiliwe kabla ya mazoezi ya maandalizi, maana anayekuja siku ya mwisho ya dirisha huzoeana na wenzake ligi ikiwa imeshachanganya.