Kumbikumbi ni ukoo wa mende?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili anasema kumbikumbi ni ukoo wa mende. Sisi huku tunawakaanga kila mvua zikianza! Ni kweli?
Mama Neema, Tabora

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Binti yuko sahihi. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, na zamani mchwa walipewa oda (kundi kubwa la wadudu) yao peke yao, Isoptera. Mwaka 2007 watafiti wa London wakachapisha uchambuzi wa DNA uliowaingiza ndani ya kundi la mende. Na dalili zilikuwepo: Marekani kuna mende wa msituni, Cryptocercus, anayekula magogo yaliyooza kwa msaada wa vijidudu vya tumboni, sawa na baadhi ya mchwa.

Wengi hudhani ndugu wa kumbikumbi ni siafu. Hebu mshike kumbikumbi mmoja kabla hajaingia kikaangoni. Hana kiuno chembamba, vipapasio vyake ni kama shanga zilizotungwa, na mabawa yote manne yana urefu mmoja. Siafu dume mabawa yake ya mbele huzidi ya nyuma. Tena mfalme wa mchwa huishi na malkia wake miaka. Dume la siafu likishampanda malkia, hufa.

Mende wa chooni ni spishi nyingine kabisa, mama. Mimi kumbikumbi nakula, chumvi isizidi tu.