Waifai ya ofisi Mji wa Kale: kifaa kimoja kikubwa au viwili?

Viwili, ndugu yangu. Kwa watu 12 na vyumba vinne vya kuta za mawe, hicho kikubwa chenye antena nane ni urembo tu. Kuta nene vile zinameza 5 GHz, ile bendi ya mawimbi yenye kasi. Ukivuka mlango, simu inabaki na mstari mmoja. Chukua viwili vya kawaida vya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai), vya kufunga darini, kila kimoja na kebo yake ya mtandao ya Cat6 kutoka swichi ya PoE, yaani kisanduku cha kugawa mtandao kinachopitisha na umeme humo humo kwenye kebo. Kwenye 2.4 GHz, ile bendi ya polepole inayofika mbali zaidi, kimoja kiweke chaneli 1, kingine 6 au 11, visiingiliane.

Na usiweke barazani kifaa cha kutumia ndani! Changu kule Kizingo kililiwa na chumvi ya bahari, soketi ya kebo ikawa kijani mwaka haujaisha.