Uliza Fundi: Bangili ya ngozi imenikatalia vidoleni

SWALI: Fundi habari ya leo. Mimi hufuma kwa vidole, nilianza na uzi wa sweta nikawa nawafumia watoto wa dada yangu skafu, sasa nataka kuingia bangili na mikufu ya ngozi kwa sababu nina rafiki ana nafasi Maasai Market na amesema ataniwekea. Nimenunua kamba ya ngozi, nikaizungusha vidole vinne vile nimezoea, kufika laini ya tatu vidole vimekuwa vyekundu, kitanzi hakitaki kuvuka, na hicho kipande kidogo nilichopata kinakaa kamba ya kufungia mbuzi. Shida ni ngozi ama ni mimi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Dadangu, shida ni ngozi, halafu na hivyo vidole vinne. Uzi wa sweta ukiuvuta unakuja ukiuachilia unarudi, kwa hivyo hata ukikaza kitanzi bado kitavuka tu. Ngozi haina huruma hiyo, ukiikaza imekaza. Kwa bangili tumia vidole viwili peke yake, cha shahada na cha kati, na kamba ikiwa ya mviringo iwe nyembamba, milimita 1 hivi, mwisho 1.5, ile ya 2 waachie wenye kusuka mikanda.

Unaizungusha kama nane, mbele ya kidole kimoja nyuma ya kingine, unarudi, unapita tena mara ya pili mpaka kila kidole kina vitanzi viwili, kisha unashika cha chini unakivusha juu ya ncha ya kidole unakitupa nyuma. Hiyo unaijua. Kitu kigeni ni kwamba hapa huvuti baada ya kila kitanzi, unaacha kila kimoja kiwe legevu kiasi cha kupitisha kalamu, ukishafuma kama sentimita 5 ndio unashika mkia, ile ncha uliyoanzia, unavuta polepole laini zijipange zenyewe. Vidole vikichoka hamishia vitanzi kwa penseli uende unywe chai, hakuna mtu anakukimbiza.

Sasa kamba yenyewe. Kuna zile bapa za dukani zinaitwa ngozi na ni kitambaa kimepakwa manyoya ya kubandika, choma ncha kidogo na kiberiti, ikiyeyuka kama plastiki umeuziwa hewa, ngozi halisi inanuka nywele zilizoungua. Mimi ningeenda Kariokor kwa mafundi wa viatu nitafute mabaki ya ngozi ya mbuzi, ni nyepesi na laini, nikate kamba mwenyewe. Na usikate mistari mifupi mifupi uanze kuunga! Kata duara, halafu ukate ukizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati kama vile konokono. Duara la kipenyo cha sentimita 20 ukikata upana wa milimita 3 linakupa karibu mita 10 kwa hesabu, toa kidogo kwa ile sehemu ya katikati inayojikunja. Hiyo bapa ya 3 inafumika vizuri ikiwa ngozi ni nyembamba.

Kujua utahitaji kamba ngapi, fuma bangili moja na uzi wa unene huo huo, fumua, pima, ongeza kidogo. Usikisie, kufuma kunakula kamba mara nyingi kuliko urefu unaouona.

Ukimaliza kata ubakishe kama sentimita 20, pitisha huo mkia ndani ya vitanzi vyote viwili ukaze, ncha zifunge na uzi uliopakwa nta na tone la gundi. Kabla ya kuweka klaspu, kile kifungio cha chuma, itundike usiku mzima na kitu kizito kidogo, kwa sababu kitu cha kufuma hurefuka kikivaliwa na mteja atakurudishia akisema imekuwa ya mguu.

Shanga, ukizitaka, zile ndogo za Kimaasai tundu lao halipitishi ngozi, zishone juu na uzi baadaye. Za brasi zenye tundu kubwa ndizo unazitunga kwa kamba kabla hata ya kuanza, unazisukuma moja moja ukifika.

SWALI: Mteja amesema bangili yangu nyeusi imempaka rangi mkononi na pia anawashwa. Ni nini? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hayo ni mambo mawili. Rangi ni ya ngozi, jasho linaitoa. Kabla ya kufuma pitisha kamba kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mpaka kitoke safi, ikiendelea kutoa rangi usiiuze. Kuwashwa kunaweza kuwa kwa sababu ya ngozi yenyewe au rangi yake, lakini muulize anawashwa wapi hasa, kama ni pale tu klaspu inagusa basi shuku nikeli, madini inayowekwa kwenye klaspu nyingi, watu wengi haipatani na ngozi ya mwili wao. Toa hiyo klaspu weka kifungo cha mfupa na kitanzi, kwanza kinapendeza zaidi.