Muulize Mwalimu: Watoto 14 na Chumba Kimoja

Tangu Jumatatu ile ya 4 Januari 2021 shule za Kenya zilipofunguliwa kwa watoto wote baada ya kufungwa kwa korona barua zimemiminika, na nyingi zinauliza jambo moja, mtoto akishatoka shule saa kumi aende wapi? Nimechukua tatu. Mlioandika kuhusu karo nisubirini wiki ijayo.

Shikamoo Mwalimu. Niko Kibokoni, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Kabla ya korona nilikuwa na watoto 14 wa mtaani wanakuja kwangu wakitoka shule, nawasaidia homwek mpaka karibu magharibi manake mama zao wako kazini. Machi nikafunga, halafu Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa hakuna kuingia wala kutoka, tangu hapo sijarudi. Sasa wazazi wananigongea kila siku. Chumba ni mita tatu kwa nne hivi, na nakaa na mamangu ambaye ana sukari. Jirani aniambia ninunue klorini niwapulizie watoto mlangoni. Nifungue ama ningoje? – Mama Homwek

Marahaba mwanangu. Fungua, ila sio kwa watoto 14 kwa pamoja.

Chukua leso yako moja uitandaze sakafuni. Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu, na hiyo ndio nafasi tuliyoambiwa iwe kati ya mtu na mtu, kwa hivyo mtoto mmoja mkalishe pindo hili na mwengine pindo lile, tia alama ya chaki, sogeza leso, endelea hivyo mpaka chumba kiishe. Mimi nimejaribu kwangu kwenye chumba cha ukubwa kama huo, nikapata watoto sita na hapo wengine wameegemea ukuta kabisa. Wa saba mweke barazani pale nje ya mlango, na wewe ukae mlangoni katikati yao. Kwa hivyo una makundi mawili ya watoto saba, moja Jumatatu na Jumatano, la pili Jumanne na Alhamisi. Usiwachanganye hata mzazi akikubembeleza vipi, ndugu wa nyumba moja waweke kundi moja, manake mmoja akiugua unajua ni nyumba zipi za kupigia simu siku hiyo hiyo na lile kundi jengine linaendelea na masomo. Daftari la majina na namba za wazazi lisikutoke.

Kitu kikubwa zaidi ni hewa. Watu wameshika sana kupangusa meza na kunyunyiza sanitaiza lakini mkijifungia chumbani na mtu mgonjwa saa mbili nzima, meza safi haitakusaidia. Sasa hivi kaskazi inavuma, fungua dirisha la mbele na mlango wa nyuma upepo upite moja kwa moja, na kama kuna ua au jirani ana dari la wazi ombeni, mkae huko jua likishapungua. Mvua ikinyesha na madirisha yakabidi kufungwa siku hiyo vunja darasa, waende nyumbani.

Klorini usinunue. Shirika la Afya Duniani limeshasema watu wasipuliziwe dawa, inachoma macho na ngozi na kama mtoto keshaambukizwa haimtoi virusi mwilini. Hizo pesa nunua ndoo ya mfereji na sabuni ya kipande, kila anayeingia anaosha mikono sekunde 20, mwambie ahesabu pole pole mpaka 20, na wale wa Grade 1 utakuwa umewafundisha hesabu hapo hapo.

Barakoa nazo zina shughuli yake. Wiki hii nilisimama nje ya lango la shule moja nikaona wasichana wawili wa kama miaka minane wanabadilishana barakoa, mmoja alipenda ile ya mwenzake yenye maua, wakavaa wakaenda zao wamefurahi. Hawakuwa na ubaya wowote, ni watoto. Kwa hivyo kila barakoa ishonwe herufi ya jina kwa uzi, ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni na ianikwe juani, na wewe weka mbili tatu safi za akiba kwa anayekuja bila.

Mamako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, mtu mzima mwenye sukari akiipata korona hatari yake ni kubwa mno. Watoto wasipite anapokaa, wasitumie choo chake kama kuna chengine, na wewe ukimaliza oga na ubadilishe nguo kabla hujamsogelea. Kama nyumba haina njia ya kuwatenganisha basi usiwafundishie hapo, omba nafasi kwa mzazi mmoja mwenye ua.

Mwalimu, mimi ni dereva wa tuktuk Kisauni. Mwanangu wa Grade 3 ana seli mundu na daktari amesema akae nyumbani kwanza kwa sasa. Mwalimu wake anatuma kazi kwa WhatsApp lakini simu ni moja na ninatembea nayo kazini, nikirudi saa mbili usiku mtoto anasinzia na bando limeisha kwa zile video. Naona ataachwa nyuma kabisa. – Baba wa Tuktuk

Pole sana kaka, na hongera kwa kumsikiliza daktari. Wenzake ambao mwaka jana walikuwa Grade 3 mpaka leo wako Grade 3, ule mwaka umewapotea wote, kwa hivyo bado hajaachwa.

Kwanza ingia seting za WhatsApp uzime kule kupakua video zenyewe, uone bando litakavyokaa. Halafu zungumza na mwalimu wake, mwambie ukweli kwamba simu inafanya kazi mchana, umuombe atume picha ya ukurasa mmoja na maelezo ya sauti ya dakika mbili badala ya video, walimu wengi wanakubali wakiambiwa vizuri. Ukiwa steji unangoja abiria yanakili yale maswali kwa mkono kwenye daftari. Usiku mkabidhi daftari, asubuhi kabla hujatoka piga picha aliyoyafanya na uitume. Simu yenyewe mtoto hahitaji kuishika zaidi ya ile dakika ya kusikiliza sauti ya mwalimu wake, na hiyo msimnyime, mtoto aliyefungiwa nyumbani akisikia mwalimu anamtaja jina anapata nguvu.

Mchana awe na redio. Masomo ya KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, yamekuwa yakirushwa kwenye redio za KBC tangu shule zilipofungwa mwaka jana, muulize mwalimu ratiba ya sasa ya Grade 3 muibandike ukutani.

Na kusoma kwa sauti. Wewe unakula, yeye anakusomea ukurasa mmoja tu. Kila neno linalomshinda akunje kidole, vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha basi kitabu hicho ni kigumu kwake kwa sasa, mtafutieni cha Grade 2 bila kumuaibisha. Akisinzia mwache alale, mtoto wa seli mundu anahitaji kupumzika na kunywa maji ya kutosha kuliko anavyohitaji hesabu za saa tatu usiku, mtamalizia alfajiri.

Assalaam aleikum. Nina madrasa ya jioni Likoni, watoto 40, juzuu wanashirikiana wawili wawili. Tufanyeje? – Ustadh

Waaleikum salaam Ustadh. Watoto 40 wakisoma kwa sauti ndani ya banda moja mate yanaruka mbali kuliko wakikaa kimya, kwa hivyo kama kuna mwembe hapo nje tandikeni mikeka chini yake, waangalie upande mmoja badala ya duara, wagawe zamu mbili, moja kabla ya alasiri na moja baada, Jumamosi na Jumapili inawezekana. Siku za shule itabidi kila zamu ije siku yake. Udhu ni maji peke yake, waoshe kwa sabuni kwanza ndio watawadhe, halafu barakoa irudi usoni. Juzuu kila mtoto na yake, na ambaye kwao hawawezi niandikie idadi, kuna wasomaji wetu walioniuliza mwezi jana wasaidie wapi.