Wasomaji Wauliza: Mbona Katuni Nzuri Iniumize Hivi?

SWALI: Kwako Mhariri, natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kondele, Kisumu. Likizo iliyopita kijana wa duka la filamu alituwekea kwenye flashi filamu ya Kijapani iitwayo Grave of the Fireflies, akisema kuwa ni katuni ya watoto. Picha zake zinapendeza mno, lakini nililia hadi nikashindwa kupakua chakula cha jioni. Nimetazama filamu nyingi za vita zilizoigizwa na watu halisi, na hazikunitoa chozi. Mbona michoro iniumize kiasi hiki? Tena mwanangu wa miaka tisa hakulia hata kidogo. Aliuliza tu kwa nini wale watoto hawakurudi kwa shangazi yao. Je, moyo wake ni mgumu?
Mama wa Kondele

JIBU: Mama wa Kondele, hukulia peke yako. Filamu hiyo, inayosimulia ndugu wawili, Seita na Setsuko, wanaohangaika na njaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na iliyoongozwa na Isao Takahata katika studio ya Ghibli, imewaliza watu wazima tangu ilipotoka Aprili 1988, nami naamini kuwa ule uzuri ulioutaja ndio hasa uliokuumiza. Wengi hudhani kwamba picha za kupendeza huwekwa ili kupunguza makali ya huzuni. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa hakuna amliliaye asiyempenda, na kazi ya kwanza ya mchoraji ni kutufanya tupende.

Kamera ikipelekwa barabarani hunasa kila kilichopo, pamoja na vitu ambavyo hakuna aliyevikusudia. Katika katuni hakuna kinachoingia kwa bahati. Filamu hupita machoni petu kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, na hata pale mchoro mmoja unapotumiwa kwa picha mbili au tatu, bado sekunde moja yaweza kudai michoro 8 au 12, ambayo siku zile yote ilichorwa kwa mkono. Kumbuka kile kikopo cha peremende. Zikiisha, Seita anatia maji ndani yake, anakitikisa, na mdogo wake Setsuko anakunywa utamu uliosalia kana kwamba ni karamu. Baadaye, njaa ikiwa imemzidi, mtoto huyo ananyonya gololi akidhani ni peremende, na mwishowe kikopo kile kile kinabeba mifupa yake iliyochomwa. Mchoraji hakukichora kwa haraka mwanzoni kisha akakitilia maanani mwishoni. Alikipa uangalifu ule ule tangu kilipokuwa kitu cha furaha, nasi tukakizoea kama chombo cha nyumbani mwetu. Hata mistari inayozunguka sura za watoto hao kwa sehemu kubwa ni ya kahawia badala ya nyeusi iliyozoeleka, na ndiyo sababu picha zinaonekana laini.

Sura zenyewe nazo zina nguvu yake. Mwigizaji halisi ana uso wake, na huenda tulimwona katika filamu nyingine. Akifa mbele yetu, sehemu ya akili yetu inajua kwamba jioni alirudi kwake. Uso uliochorwa ni macho, mdomo na mistari michache tu, hauna maisha nje ya hadithi, kwa hiyo tunaujaza na watu wetu. Huko kwenu simulizi za zamani zilifanya kazi iyo hiyo. Watoto wa Kijaluo waliokusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi, walisikia habari za yatima asiyechorwa popote, na kila mmoja alilazimika kumpa sura ya mtu anayemjua. Takahata aliongeza juu ya sura hizo chache sauti ya mtoto halisi wa miaka mitano, na huo mchanganyiko haukwepeki.

Nyuma ya michoro pia kuna watu walioyapitia. Hadithi yenyewe iliandikwa na Akiyuki Nosaka mwaka 1967, baada ya kumpoteza dada yake mdogo kwa utapiamlo mwaka 1945, naye Takahata alikuwa na miaka tisa alipokimbia mabomu mjini Okayama mwaka huo huo.

Kuhusu mwanao, ondoa wasiwasi kabisa. Filamu inaanza kwa kifo cha Seita, kwa hiyo wewe uliitazama kila furaha yao ukijua itaishia wapi. Vimulimuli vilipomulika ndani ya chandarua kule pangoni walikohamia, ulikuwa tayari unaomboleza. Mtoto hutazama akitafuta njia ya kuwaokoa. Na swali lake ni zito kuliko alivyojua mwenyewe, maana Takahata alikataa mara kwa mara kazi yake kuitwa filamu ya kupinga vita tu. Alisema inahusu ndugu wawili wanaojitenga na jamii na kushindwa kuishi peke yao. Yule mama wa ukoo wao, ambaye mwanao alimwita shangazi, aliwasimanga kwa ajili ya chakula, Seita akaondoka na mdogo wake, na hata mkulima alipomshauri akaombe radhi arudi, hakwenda. Mweleze mwanao hivyo: kwamba Seita alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyeona njaa ni afadhali kuliko dharau, na kwamba mtu mzima aliyemfikisha hapo naye alikosea. Akibishana nawe, mwache abishane, kwa sababu watu wazima pia hawajakubaliana juu ya nani alaumiwe.

Kijana wa duka naye usimkasirikie. Huko Japani filamu hii ilionyeshwa mara ya kwanza pamoja na filamu nyingine ya studio hiyo hiyo, ya upole kabisa, inayowafaa hata watoto wadogo. Mwambie tu kwamba si kila katuni ni ya watoto, na ikiwa mtoto wako wa pili bado yuko chekechea, hii aisubiri kwa miaka kadhaa.