Maswali ya Wasomaji: Kunguru, Uta wa Babu na Shamba la Mahindi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na karanga wilayani Kiryandongo, karibu na Kigumba. Kila msimu mahindi yanapochomoza, kunguru huteremka alfajiri na kuufuata mstari hadi mwisho, wakiung'oa mche na kula punje iliyo chini yake, na safari hii wamenimalizia pia vifaranga tisa. Marehemu babu aliniachia uta wake, nami nimeufuta vumbi na kuutia upote mpya wa katani. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema huko kunguru huuawa kwa idhini ya serikali, na jirani yangu Mwislamu anasema hata dini inaruhusu. Je, ninaweza kuwawinda kwa uta huo, na mshale wa namna gani unafaa?
Mkulima, Kigumba

JIBU: Ndugu Mkulima, ni jambo la kupendeza kuulizwa habari za mishale na mtu wa Kigumba, kwa kuwa kwa Kiswahili kigumba ni chembe cha mshale, ingawa utaona hapa chini kwamba kigumba ndicho kitu usichokihitaji.

Nianze na shemeji yako, ambaye anazungumzia ndege mwingine. Kunguru wanaoangamizwa Dar es Salaam ni kunguru wa Bara Hindi, mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani ya Tanzania na Kenya na kuwa adui wa mayai na makinda ya ndege wenyeji. Wako wewe, mwenye fulana nyeupe kifuani na shingoni, ambaye Waganda humwita nnamuŋŋoona, ni mwenyeji wa Afrika. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kuwinda mnyamapori pasipo kupewa haki ya matumizi, yaani kibali cha serikali, na udogo wa ndege au wingi wake hauondoi sharti hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuachia mshale wowote, nenda kwanza wilayani kwa afisa anayeshughulikia wanyama waharibifu, au katika ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori, ueleze hasara yako na uombe jibu la maandishi. Zaidi ya hayo, kutoka kwenu hadi hifadhi ya Karuma si mbali, na kuingia hifadhini na silaha bila ruhusa ni kosa. Mlinzi atakayekukuta humo na uta begani hataanza kwa kukuuliza habari za vifaranga.

Jirani yako naye hakukosea. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad, iliyopokewa na mkewe Bi Aisha, inamtaja kunguru, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali, miongoni mwa viumbe watano wanaoweza kuuawa hata katika Haram, eneo takatifu la Makka, na pokezi mojawapo linamtaja hasa kunguru mwenye mabaka, sifa inayolingana sana na huyu wako. Hata hivyo, ruhusa ya dini haikupi kibali cha serikali.

Tuseme kibali umekipata. Uta wa babu usiuvute kwa nguvu siku ya kwanza, kwa maana mti uliokaa juu ya dari miaka mingi hukauka na kupasuka ndani kwa ndani. Upake mafuta, uuache siku chache, kisha uuvute nusu mara nyingi huku ukichunguza kama kuna mstari wa ufa upande wa tumbo, yaani ule unaokuelekea unapovuta. Mimi wa mjomba wangu uliniachia kovu juu ya nyusi kwa haraka zangu za ujana. Upote wa katani umeuchagua vyema, maana ule wa kano za mnyama hulegea ukilowa mvua.

Mshale wa chuma si wa kunguru, kwa sababu humpenya, naye akaruka nao na kwenda kufia mbali, au hukita katika tawi usiufikie tena. Kwa ndege hutumika mshale wa mti mtupu wenye kichwa butu, mnene kama ncha ya kidole gumba, unaoua kwa kishindo. Manyoya ya nyuma yaache mapana bila kuyapunguza, ili mshale upoteze kasi mapema usiende kuangukia kwa jirani. Usilenge juu hewani kamwe penye makazi, kwa kuwa mshale mwembamba unaokosa ndege huweza kuvuka mita 100, na huko unakoshuka hukuoni.

Ugumu wenyewe uko katika masikio ya kunguru. Mshale wa uta wa kawaida huenda kama mita 45 kwa sekunde, hivyo hutumia zaidi ya sekunde 0.4 kufika umbali wa mita 20, ilhali mlio wa upote humfikia ndege kwa chini ya sekunde 0.1. Muda unaobaki unamtosha kunguru kuinua bawa. Ukitaka kumpata, jifiche umbali wa mita 10, jambo ambalo kunguru atalikubali mara moja tu.

Nasema mara moja kwa sababu ndege hawa hukariri sura. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, wakiwa wamevaa barakoa, waliwanasa kunguru wachache, wakawaachia. Miaka kadhaa baadaye kila aliyepita na barakoa ile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakunaswa. Hao ni wa Marekani, lakini sina shaka kwamba wako pia watalijua shati lako, nao watakuja wakati umekwenda kunywa chai.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi ningeutumia huo woga kuliko kuhesabu mizoga. Hatari kubwa kwa mahindi ni wiki mbili au tatu za kwanza tu: panda kwa kina cha sentimita 5, shindilia udongo, na alfajiri za siku hizo uwepo shambani na uta wako, uwatawanye kwa mishale butu inayopiga udongo karibu nao, ikiwa afisa ameridhia hata hilo. Vifaranga wafunike kwa tenga mwezi wa kwanza. Chambo cha sumu usikiguse kabisa, kwani kitaua mbwa wako na mwewe kabla ya kunguru. Na kila unaporudi nyumbani ufungue upote, maana uta unaolala umevutwa hupinda moja kwa moja na kupoteza nguvu.